Watu Wekundu wa Nyuma ya Nyumba

Nafula mwanangu,

Umetoka na rafiki zako kuagana, na baba yako yuko nje anakagua tairi za gari alizozikagua jana. Nimebaki peke yangu jikoni, jua la jioni likiwa bado juu ya mabati ya jirani. Kuhusu nguo za baridi, dawa, na kumpigia baba yako simu ili asikonde, umeshaambiwa hadi umechoka. Sitayarudia.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Unakisikia vizuri, ila ukijibu unajibu Kiingereza, kwa hiyo utasoma polepole, pengine kwa kutamka. Ni sawa. Kiingereza changu ni cha ofisini, hakijui kuomba radhi.

Juzi mezani ulituambia kwamba msitu unakokwenda kufanya kazi, kule milimani Mpumalanga, una yale maua mekundu yanayochomoza Septemba majani yakiwa bado nyuma. Ukasema kazi yako ya kwanza itakuwa kuyatafuta, kuyawekea alama na kuyalinda, maana sheria inayalinda na watu bado wanayachimba. Baba yako akakupongeza. Mimi nikainuka kwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Ukaniuliza kuna nini, nikasema macho yananiwasha.

Macho hayakuwa na neno. Nilikuwa nimesikia jina la kitu ambacho hatujakitaja katika nyumba hii tangu ukiwa na miaka sita.

Nusu ya habari hii unaijua. Unajua kwamba tulipokuwa tunakaa Kensington, Johannesburg, shangazi yako tante Furaha aliugua karibu afe, na kwamba wewe ulinyamaza, hukutamka neno kwa muda mrefu, hata mwalimu wako akadhani una ugonjwa. Ulipokua tulikuambia kwamba ulishtuka kwa kumwona tante akianguka. Hivyo ndivyo tulivyowaambia watu wote. Nusu iliyobaki uliisahau utotoni, nasi hatukukukumbusha; ninayo mimi, na sitaki uondoke bila nayo.

Nyumba ile ya Kensington ilikuwa mwisho wa barabara, mgongo wake ukiwa umeegemea kilima cha mawe. Kilima chenyewe kilikuwa kikavu, nyasi zake zikiungua kila Agosti na kubaki nyeusi. Lakini nyuma yetu hasa palikuwa na korongo, na ndani ya korongo miti mirefu iliyoshikana, giza hata saa sita mchana. Ukipita ukuta wetu uliobomoka ulikuwa umeshaingia. Nakumbuka ukimya wa pale. Kelele za magari ya barabara kuu zilikuwa zinakufuata hadi ukutani, halafu zinakatika, kama mtu amefunga mlango nyuma yako. Hata wale ndege wa hadeda wanaopiga yowe juu ya kila paa Johannesburg walikuwa wakifika juu ya miti ile wananyamaza.

Tulihamia majira ya baridi. Tante Furaha alikuja baadaye kidogo kupanga chumba cha uani. Alikuwa mjane wa kutoka Uvira, fundi cherehani, mchana anashona kwenye karakana Doornfontein karibu na chuo ninakofanya kazi, jioni anashona tena mlangoni kwake. Tulikutana kanisani. Mimi Mluhya wa Bungoma, yeye Mkongomani, na Kiswahili chetu kilikuwa kikigongana kila sentensi, tukacheka, tukawa ndugu. Wewe ulikuwa unalala chini ya meza ya cherehani yake ukisikiliza ile sauti.

Asubuhi moja ya Septemba nilikwenda nyuma kuanika nguo, nikainua macho, nikaona kuna watu kwenye korongo.

Hivyo ndivyo nilivyoona mwanzo. Vichwa vyekundu, vimesimama kimya kati ya mashina ya miti, vinatazama nyumba. Shuka ilinianguka mkononi. Nilipopata ujasiri wa kusogea nikaona ni maua. Lakini Nafula, jana yake hayakuwapo. Ardhi ilikuwa majani makavu matupu. Sasa kila hatua chache kulikuwa na shina nene lililochomoza peke yake, na juu yake kichwa cha nyuzi nyekundu zilizosimama wima kama brashi ya kunyolea ndevu, ncha zake zina unga wa manjano. Majani ndiyo kwanza yalikuwa yanachungulia pembeni, yamejikunja. Nikainama. Chini kabisa, pale shina linapotoka ardhini, palikuwa na madoadoa ya zambarau, kama ngozi ya nyoka. Niliinuka haraka.

Utanicheka, wewe uliyesoma majina yake ya Kilatini. Mimi niliyaogopa tangu siku ile, na sikuweza kusema kwa nini. Nikiwa nimeyapa kisogo nilikuwa nasikia shingo inanisisimka.

Jirani yetu Gogo Nomsa, bibi mmoja mwalimu mstaafu, ndiye aliyenipa habari zake. Alikuja na sahani ya vitumbua vyao vya mafuta, akaona ninavyotazama korongo, akacheka kidogo.

"Hilo ni rooikwas," akasema. "Brashi nyekundu. Limelindwa. Ukilichimba watakufunga, na ukilila tutakuzika."

"Lina sumu?"

"Kuanzia juu hadi kile kitunguu chake cha chini. Kuna waganga wanaolitumia, na kuna watu waliokufa kwa kudhani nao ni waganga. Mwambie mtoto. Mwambie na yule dada yako wa cherehani."

Maneno hayo machache yalitosha. Angekuwa mama mwingine, angekuita, angekushika mkono hadi pale, akakuonyesha madoadoa yale na kusema: hili lina sumu, usiliguse, usilitie mdomoni, tena usiling'oe, kwa sababu ni la pale na linalindwa. Ulikuwa na miaka sita, ungeelewa. Mimi nilifanya jambo jingine.

Ilikuwa jioni, nimekaa kwenye ngazi za nyuma nakusuka, nimetoka kazini nimechoka, na wewe huishi maswali. Yale ni nini? Nani aliyapanda? Naweza kuchuma moja? Nikikwambia sumu utauliza sumu ni nini, nikikujibu utauliza kwa nini Mungu aliiumba. Na kusema kweli sikutaka kuyatazama kwa muda mrefu kiasi cha kuyaeleza. Basi nikakutungia.

Nikakuambia kwamba chini ya kila ua kuna mtu aliyezikwa amesimama, na kinachoonekana ni nywele zake tu. Ni watu wekundu. Hawana sauti, na wanaitafuta. Ukimgusa mmoja anachukua sauti yako. Hata ukimtaja kwa mtu mwingine, anasikia, anakuja kuichukua.

Nilihisi kichwa chako kikikaza chini ya kitana. Hukuuliza swali tena.

Tante Furaha alikuwa mlangoni kwake anashona. Alicheka hadi uzi ukakatika. "Mama Nafula! We unatesa mutoto bure. Hii maua miye naijua. Kwetu Uvira iko mingi kule kwa milima."

Ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya pili. Ningemwambia maneno ya Gogo Nomsa palepale. Lakini wewe ulikuwa unasikiliza, na nilitaka hadithi yangu isimame, kwa hiyo nikamkonyeza. Akadhani ninamwambia tucheke wote. Kuanzia hapo, kwake, hatari ya lile ua ikawa ngano ya kutishia watoto.

Wewe ulibadilika. Uliacha kucheza nyuma. Ulipopita dirisha la jikoni ulipita umeinama. Siku moja ukinywa uji ukaninong'oneza, "Mama, wanaimba asubuhi." Nikakuuliza nani, ukatikisa kichwa na kufumba midomo. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisemea, hadithi imeshika.

Halafu mashimo yakaanza. Nilikuwa naanika nguo nikaona pale lilipokuwa ua moja pana shimo, la mviringo, safi, kina cha mkono. Siku iliyofuata mawili. Udongo ulikuwa umewekwa pembeni kwa utaratibu, kama wa kaburi dogo. Hapakuwa na nyayo. Nikasema ni mnyama, ingawa sijui mnyama gani anayechimba kwa unadhifu vile. Vitu vya ndani navyo vikawa vinapotea. Kijiko. Hereni yangu moja. Kitana cha baba yako. Kiatu chako cha kanisani. Mwanasesere wako ambaye hukuwa ukilala bila yeye. Nilikuuliza yuko wapi, ukaniangalia tu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimesikia sauti yako tangu asubuhi, na nikijaribu kukumbuka, hata jana yake sikuwa na hakika.

Tante Furaha alikuwa na kikohozi tangu vumbi la Agosti. Sasa kikawa kimempungua, lakini yeye mwenyewe alikuwa anapungua pamoja nacho. Chakula hakikai tumboni. Anasimama anashika ukuta. Aliniambia taa ya barabarani ina duara kuizunguka, na kwamba kitambaa anachoshona kinapumua. Nilijua ulikuwa mwezi aliofiwa na mumewe. Nikamwambia, "Dada, hayo ni majonzi. Tuombe."

Na tuliomba. Jumamosi nilileta akina mama wa kanisa, tukamzunguka kwenye kile chumba cha uani, tukaimba, tukakemea. Mezani, karibu na cherehani, palikuwa na kikombe cha bati chenye maji ya rangi ya chai hafifu. Nakumbuka kwa sababu nilikisogeza kwa mkono wangu ili nipate pa kuweka Biblia.

Jumapili mchana, tumerudi kutoka ibadani, nikasikia ananiita. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu mwenye tonge mdomoni. Nilimkuta amekaa kitandani, amejibana ukutani.

"Mama Nafula, funga mulango."

"Umefungwa, dada."

"Batu banasimama pale." Akaonyesha ukuta mtupu nyuma yangu. "Biko na nywele nyekundu. Banataka niseme."

Nafula, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimeshikiwa bunduki na vijana pale kwenye robot, nikisubiri taa ya kijani, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa saa ile. Watu wale niliwatunga mimi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi na kitana mkononi. Sasa walikuwa wamefika chumbani. Nilishindwa kugeuka. Tante akafungua mdomo tena na hakikutoka kitu, midomo ikitembea tu, halafu akaanguka kifudifudi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulikuwa umeziba mdomo wako kwa mikono miwili.

Baba yako alimbeba hadi kwenye gari. Hospitalini daktari kijana alimfungua macho, akammulika, akatuuliza amekunywa nini. Nikasema hakuna. Dawa yoyote? Hakuna. Mitishamba? Nikamwambia, "Daktari, ni mtu wa kanisa."  Akasema kama hatujui alichotumia watakuwa wanabahatisha, na moyo wake unakwenda vibaya. Nikaambiwa nikalete nguo zake na chochote nitakachokikuta chumbani.

Ulikuwa umeachwa kwa Gogo Nomsa. Nilipofika nilimkuta getini amechanganyikiwa. Amekwenda jikoni mara moja, akarudi hupo. Sikuuliza zaidi. Nilipita ukuta uliobomoka nikaingia korongoni.

Kelele za barabara zikakatika. Jua lilikuwa bado kali nje, humo ndani lilikuwa linapenya vipande vipande tu, na kila kipande kilipoangukia kichwa kimoja cha ua, kiliwaka. Nilikuita. Sauti yangu haikwenda mahali. Nikatembea kati yao, Nafula, nikiwa nimebana sketi isiwaguse. Nikaona shimo la kwanza. Ndani yake kijiko changu, kimelazwa chali. Shimo la pili, kitana cha baba yako. La tatu, hereni. Kiatu. Kila kitu kilichopotea nyumbani kwangu kilikuwa kimelazwa katika shimo lake, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nilidhani nimerukwa na akili.

Mbele kidogo nikakuona. Umepiga magoti, unamweka mwanasesere wako kwenye shimo la mwisho, unamvuta gauni limfunike miguu.

Nikakushika mabega. "Nafula, unafanya nini?" Ukageuka, na ulipoona nimefungua mdomo mahali pale, ukaniwahi. Ulibandika kiganja chako kwenye midomo yangu. Mkono ulikuwa baridi, unanuka udongo. Machozi yalikuwa yanakutiririka na hukutoa hata kwikwi.

Hapo ndipo nilipoelewa, yote kwa mpigo mmoja. Ulikuwa unawapa vitu ili wasichukue sauti, na sasa ili wairudishe. Si yako. Yako ulikuwa umeificha mwenyewe wasiipate. Ulikuwa unaikomboa ya tante.

Nikakaa chini kwenye majani makavu. Nikaondoa mkono wako polepole, nikasema ndani ya sikio lako: "Tante aliwagusa?" Ukainamisha kichwa kwamba ndiyo. "Alichimba?" Ndiyo. Ukaninyooshea kidole. Pembeni ya shimo, chini ya majani, palikuwa na shina limekatwa kwa kisu, limenyauka, na chini yake madoadoa yale ya zambarau yalikuwa bado yanaonekana wazi. Ulikuwa umemwona akichimba. Siku zote zile ulikuwa umebeba jibu ambalo daktari alikuwa analitafuta, na mimi ndiye niliyekufunga mdomo.

Nilichukua lile shina kwa kitambaa. Chumbani kwa tante nilikuta sufuria ndogo chini ya kitanda, na ndani yake vipande vyeupe vilivyochemshwa, kama vitunguu. Gogo Nomsa akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi. Baba yako aliendesha gari kama mwizi. Yule daktari alipoona shina, akasoma jina, akaenda kwenye simu bila kuniaga. Walijua la kufanya baada ya hapo. Sikulijua lote, nilikaa kwenye kiti cha ukumbini na wewe mapajani, umelala, mdomo umeufumba hata usingizini.

Tante aliishi. Macho yake mpaka leo hayapendi mwanga, ndiyo maana dukani kwake Pretoria anashona na miwani myeusi na wateja wanadhani ni mikogo. Lakini aliishi.

Nilipomtembelea akiwa ameanza kuongea, alikuwa ametulia sana. Alisema mamake, kule Uvira, alikuwa akichemsha kitunguu cha ua jekundu kwa kikohozi. Alipoliona letu hakuwa na shaka, wekundu ni ule ule. Alikunywa kidogo kila asubuhi, na kikohozi kilipogoma kwisha kabisa akazidisha.

"Lile letu haina madoa kwa mguu," akasema. "Miye niliangalia kichwa tu. Sikuangalia mguu."

Nikamwambia kwamba Gogo Nomsa alikuwa amenionya.  Akanishika mkono, na hakunishika kwa hasira.

"Mama Nafula, uliniambia kuko batu chini ya udongo. Kama ungeniambia iko sumu, ningekunywa?"

 Swali lile nimelibeba hadi leo.

Wewe uliendelea kunyamaza. Nilikaa nawe kwenye zile ngazi nikakuambia ukweli, kwamba hakuna watu wekundu, kwamba nilitunga. Ulinisikiliza kwa adabu, na nikaona hukuniamini. Kwa nini uniamini? Nilisema wanachukua sauti, na ulikuwa umeona kwa macho yako sauti ya tante ikichukuliwa. Uongo wangu ulikuwa na ushahidi. Ukweli wangu ulikuwa na mdomo wangu peke yake.

Ulizungumza siku tante aliporudi nyumbani. Alishuka kwenye gari ameshikwa na baba yako, amekonda, akasema, "Nafula wangu, kuja." Ulimkaribia polepole. Ukamgusa koo kwa kidole. Kisha ukasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa siku nyingi:

"Wamekurudishia?"

Tante akaniangalia. Ingekuwa rahisi sana, mwanangu. Angesema ndiyo, ungefurahi, vitu vyako vingekuwa vimekubaliwa, na yote yangeisha vizuri. Nilipiga magoti kwenye zege, nikasema: "Hawakuichukua. Hawapo. Mama alidanganya. Lile ni ua, lina sumu, na tante alilinywa kwa sababu mimi sikusema ukweli."

Ulinitazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni amevaa nguo za mama yake. Safari hii uliniamini. Nikaona jambo fulani likiondoka usoni mwako, na silijui jina lake, ila halikurudi tena. Kisha ukauliza:

"Sasa nani alikuwa anaimba?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema upepo. Nilikuwa tayari kusema uliota. Nikasema, "Sijui."

Na kweli sikujua. Asubuhi zilizofuata niliamka mapema, nikasimama kwenye dirisha la jikoni. Siku moja nikausikia. Mwimbo wa chini chini, bila maneno, unatoka kati ya miti, unakatika, unaanza tena.  Nilikaa nao hadi kulipopambazuka vizuri, na nikaona mgongo wa mtu ukiinuka, na mwingine, wana magunia. Walikuwa wachimbaji wa maua. Mmoja alikuwa anaimba midomo imefungwa huku akifanya kazi, kama fundi yeyote. Nilitaka kukuamsha nikuonyeshe, kisha nikakumbuka jambo: walichimba asubuhi ile upande wa chini, karibu na barabara. Wimbo niliousikia ulikuwa umetoka juu. Nimejiambia korongo linachezea sauti. Huenda ni hivyo. Nakuandikia ninachokijua na pale kinapokomea.

Mimi na Gogo Nomsa tuliwaripoti, wakaja watu wa hifadhi, lakini korongo lilikuwa limeshachimbwa karibu lote. Baba yako alinikuta nimebeba jembe, nakwenda kung'oa yale machache yaliyosalia, nimalizane nayo. Hakunizuia. Aliniuliza tu, "Ua lilimfuata Furaha chumbani?" Nikarudi na jembe langu. Tukayafunika yale machache kwa majani makavu na mawe, ili asiyejua asiyaone.  Nilipokuwa nayafunika niliyatazama kwa karibu, kwa mara ya kwanza bila kuharakisha kuinuka. Ndege wadogo wa mdomo mrefu walikuwa wanakuja kunywa kwenye nyuzi zake na kwenda zao bila kudhurika. Lilikuwa zuri, Nafula. Lilikuwa limesimama pale na sumu yake, halimtafuti mtu.

Ulipokua ukasema unataka kusomea mimea nilikupinga mwaka mzima, nikasema ungesoma uuguzi. Sasa unajua nilikuwa nakimbia nini. Nashukuru ulinishinda.

Huko unakokwenda utakutana na wenye magunia. Yalinde maua, wale wasiyapate, ni kazi yako, lakini usiwaone kama mashetani. Mwishoni mwa kila gunia kuna mtu anayekohoa, ambaye mama yake aliwahi kumwambia kitu kuhusu ua jekundu. Na usimdharau mtu anayeogopa msitu ule. Mimi nimesoma, na niliogopa brashi ya kunyolea ndevu.

Watakuja pia watoto. Watoto wa vijiji vya karibu hupenda kumfuata mtu mwenye sare. Mmoja atasimama mbele ya ua, mikono nyuma, akuulize likiguswa inakuwaje. Utakuwa umechoka, jua litakuwa kali, na uongo mfupi utakuwa umeshakufika kwenye ulimi.

Piga magoti, mwanangu. Mwonyeshe mguu wa lile ua. Mwambie kila kitu.

Mimi mamako, ninayekusikia getini ukicheka na wenzako.